Njaa ya Chumvi: Uhura, Uhuru na Mdomo wa Ruvuma

Usiku wa Alhamisi, tarehe 8 Septemba 1966, Wamarekani waliofungulia televisheni kituo cha NBC walimwona mwanamke mweusi akitembea peke yake kwenye ujia wa chombo cha anga za juu. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amechoka na kazi, akamwomba mwenzake Spock amsimulie jioni zilivyo kwenye sayari yake mwezi unapopevuka. Akajibiwa kwamba sayari hiyo haina mwezi. Sasa yuko ujiani, na mbele yake anasimama mwanamume asiyemjua, mweusi kama yeye, mwenye sare kama yake. Mwanamume huyo anamwambia kwamba anaonekana mpweke. Kisha anamsemesha kwa Kiswahili.

Ni maneno machache tu, na sikio la mzaliwa wa pwani linabaini mara moja kwamba waigizaji wale wawili wameyakariri. Hata hivyo uso wa mwanamke unabadilika. Analegea, anasimama kama aliyepigwa na usingizi, na laiti asingeitwa arudi kazini, wenzake wakatokea hapohapo, angekuwa amekufa.

Kwa maana yule mwanamume hakuwa mtu. Alikuwa kiumbe wa mwisho wa aina yake, ametoka kwenye magofu ya sayari iitwayo M-113, mwenye uwezo wa kuchukua sura ya yeyote ambaye mtu anamtamani moyoni. Chakula chake kilikuwa kimoja. Alifyonza chumvi yote iliyomo mwilini mwa mtu, akamwacha maiti mwenye alama za duara usoni. Kipindi kiliitwa The Man Trap, kikaandikwa na George Clayton Johnson na kuongozwa na Marc Daniels, na ndicho kilichofungua pazia la Star Trek kwenye kituo hicho. Mwanamke aliyenusurika ujiani alikuwa Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano, aliyeigizwa na Nichelle Nichols.

Mtu wa Mtwara hawezi kukitazama kipindi hiki kama anavyokitazama mtu wa Los Angeles. Mwandishi wa huko alikuwa ameweka Kiswahili na njaa ya chumvi katika tukio moja bila kujua kwamba mwezi uleule, kwenye bonde la Ruvuma, vitu hivyo viwili vilikuwa vimefungamana kweli. Kulikuwa na watu wazima na vijana waliokuwa wakitembea usiku, mizigo kichwani, wakiwasalimu wenzao kwa neno lililolizaa jina la Uhura, na sehemu ya kilichowatembeza ilikuwa chumvi.

Chumvi ya kusini ina historia ndefu kuliko mji wa Mtwara wenyewe, ambao ulichipuka baada ya 1947 kwa ajili ya bandari ya mradi wa karanga wa Waingereza. Ukanda wa Mikindani, Ziwani, Msangamkuu na Msimbati, hadi vijiji vya mdomo wa Ruvuma, umekatwakatwa na vijito vya maji ya bahari vinavyoingia ndani ya mikoko. Tangu mwaka 2000 sehemu kubwa ya eneo hili ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba 650. Nyuma ya mikoko mara nyingi kuna uwanda mtupu usioota kitu, udongo wa kijivu unaong'aa ukikauka. Mgeni huuona kama ardhi iliyokufa. Mwenyeji huuona kama ghala.

Zamani chumvi ilipikwa, na pwani hii kazi hiyo ilifanywa sana na wanawake. Udongo wa juu, ule uliolowa bahari ikakupwa na jua likaukausha, ulikwanguliwa na kutiwa kwenye chombo chenye matundu, ukamwagiwa maji, na maji yaliyochuruzika yakatiwa chunguni na kuchemshwa hadi yakaisha. Kilichobaki chini ya chungu kilikuwa chumvi ya rangi ya majivu, yenye harufu ya moshi. Ilikula kuni nyingi na muda mwingi kwa kibaba kimoja.

Majaruba ya chumvi yalibadilisha hesabu hiyo, kwa kuwa moto ni wa jua. Masika yakiisha na kusi kuanza kuvuma, matuta hurekebishwa. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, maji huruhusiwa kuingia kwenye jaruba la kwanza, kisha mlango huzibwa. Yakikaa siku kadhaa huhamishiwa la pili, na la tatu, na kila hatua yanakuwa mazito zaidi. Katika jaruba la mwisho hutokea utando mwembamba juu ya maji, kama ule wa maziwa yanayopoa, ambao huvunjika na kuzama, na chini yake punje huanza kukua. Siku ya kuvuna, mtu huingia na ubao wenye mpini mrefu, akivuta polepole na kwa wepesi, kwa sababu akikandamiza kidogo tu ataamsha tope na chumvi yote itakuwa nyeusi. Iliyovutwa hurundikwa vichuguu vidogo kandokando ili maji yachuruzike. Saa sita mchana weupe wa mahali hapo huchoma macho, na aliyeingia na mkwaruzo kwenye kidole cha mguu hatausahau mpaka jioni.

Kutoka hapo chumvi ilipanda juu. Nyuma ya pwani kuna nyanda mbili za Wamakonde zinazotazamana, ule wa Newala upande wa Tanzania na ule wa Mueda upande wa Msumbiji, na Ruvuma unapita katikati. Watu wa juu walishuka na nafaka, nta, sandarusi na mpira wa porini. Wakarudi na nguo, samaki wakavu na chumvi. Watu wa pwani, ambao Wamakonde wa bara huwaita Wamaraba, walikuwa ndugu na wafanyabiashara wao kwa wakati mmoja. Mpaka uliochorwa na Wajerumani na Wareno uliupita mto huu bila kuuliza yeyote kati yao. Hata wakoloni wenyewe waligombea mdomo wake: Wajerumani walijitwalia Kionga, kipande kidogo kusini ya mto, mwaka 1894, na Wareno wakakirudisha 1916 katikati ya Vita Kuu ya Kwanza.

Ni kwa sababu ya njia kama hizi Kiswahili kinapima maisha kwa chumvi. Mtu aliyeishi miaka mingi amekula chumvi nyingi. Anayesimulia na kuzidisha anatia chumvi. Chakula kisicho nayo ni chapwa, na neno hilo peke yake linatosha kumfanya mgeni asukume sahani. Mwandishi wa The Man Trap alihitaji kubuni sayari nzima iliyokufa ili kumweleza mtazamaji wake kwamba kiumbe anaweza kuua kwa ajili ya chumvi. Kwa msikilizaji wa Kiswahili nusu ya maelezo hayo tayari imo kwenye lugha.

Nusu ya pili ni neno uhuru, nalo lina safari yake.

Katika miji ya pwani ya kusini, kuwa huru kulikuwa na maana iliyoshikika kwa mkono: mtu huru ni yule asiye mtumwa. Mikindani na Kilwa zilipitishiwa misafara ya watu waliotekwa bara, na hata baada ya Sultani Barghash kulifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, utumwa wa majumbani na mashambani uliendelea. Chini ya Wajerumani zilitolewa hati kwa maelfu zikithibitisha kwamba mtu fulani, mwenye jina fulani, sasa ni huru. Ulikuwa uhuru wa mtu mmojammoja, ulioandikwa kwenye karatasi, ukahifadhiwa kwa uangalifu sandukuni. Taifa zima kuwa na uhuru ni maana iliyokuja baadaye, na iliyoisambaza kwa kasi ni TANU baada ya kuanzishwa tarehe 7 Julai 1954.

Wamakonde wa Msumbiji waliisikia maana hiyo mpya wakiwa kazini. Kwao, Wareno waliwalazimisha kulima pamba na kuwakamata kwa kazi za shuruti, hivyo maelfu walivuka Ruvuma kwenda kukata mkonge kwenye mashamba ya Tanganyika. Huko walijifunza Kiswahili, wakahudhuria mikutano, wakaunda vyama vyao, na kimojawapo kikawa MANU. Walipopanda tena Mueda walirudi na nguo, baiskeli kwa waliobahatika, na neno. Ulimi wa Kimakonde hauna r, kwa hiyo likawa uhulu.

Tarehe 16 Juni 1960 neno hilo lilisemwa mbele ya gavana wa Cabo Delgado, mkoa ulimo Mueda. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliotokea Tanganyika, walikuja Mueda kuzungumza na wakuu wa Kireno kuhusu hali ya watu wao. Umati mkubwa ulikusanyika uwanjani. Viongozi walikamatwa, watu wakapinga, askari wakafyatua risasi. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. FRELIMO, chama kilichokuja kuongoza vita vya ukombozi, ilisema ni zaidi ya 500, na nyaraka za Wareno zinataja wachache sana. Kijana mmoja mwalimu aliyekuwapo na kuokoka, Alberto Chipande, ndiye aliyeongoza shambulio la kituo cha Chai tarehe 25 Septemba 1964, lililofungua vita vya ukombozi vya Msumbiji.

Hapo ndipo chumvi inaporudi kwenye hadithi, na inarudi kwa uchungu.

Vita vilipoanza, maduka ya wafanyabiashara wa Kireno na Kihindi kwenye uwanda wa Mueda yalifungwa au yalibaki ndani ya maeneo yaliyolindwa na jeshi. Wanavijiji waliowafuata wapiganaji porini waliweza kulima. Waliweza kuchimba mihogo, kuvuna mtama na ufuta, kuokota korosho. Hawakuweza kulima chumvi. Katika maeneo yaliyokombolewa bidhaa tatu zilitajwa kila mara kama zilizokosekana: nguo, sabuni na chumvi. Mtu anaweza kuvaa gome la mti, na wapo waliovaa. Anaweza kuoga kwa majani. Chumvi haina mbadala, na mwili wenyewe unaidai katika nchi ya joto ambako mtu anatoka jasho tangu asubuhi.

FRELIMO ilijibu kwa biashara. Korosho, karanga, ufuta na vinyago vya mpingo vilibebwa vichwani hadi Ruvuma, vikavushwa kwa mitumbwi na kuuzwa Tanzania. Safari iliweza kuchukua siku kadhaa, mara nyingi usiku kwa kuogopa ndege. Mizigo ya kurudi ilikuwa silaha na dawa kwa wapiganaji, na kwa maduka ya wananchi majembe, vitambaa na chumvi. Mtwara, ambayo wakati huo ilikuwa mkoa uliojumuisha Lindi, ikawa mlango wa nyuma wa vita. Kambi kuu ya mafunzo ilikuwa Nachingwea, kwenye ardhi ya mradi ule wa karanga uliokwisha kufa. Mjini Mtwara kulikuwa na hospitali ya FRELIMO iliyopokea majeruhi. Wakimbizi kwa maelfu walikuwa wamevuka, na wengi wao walipelekwa Rutamba, karibu na Lindi, kuanza maisha upya. Sauti iliyowafikia waliobaki ng'ambo ilikuwa redio, matangazo ya FRELIMO yakirushwa kutoka Dar es Salaam.

Hiyo ndiyo Ruvuma ya Septemba 1966, mwezi ambao Luteni Uhura alisimama ujiani.

Na kama kuna anayedhani chumvi ilikuwa jambo dogo la jikoni katika vita vile, amtazame Lázaro Nkavandame. Kabla ya vita aliongoza ushirika wa wakulima wa pamba huko Mueda, mtu mwenye heshima kubwa miongoni mwa Wamakonde, na FRELIMO ikamfanya kiongozi wake wa mkoa wa Cabo Delgado, na biashara ya kuvuka mto ikawa mikononi mwake na wenzake. Kadiri vita vilivyoendelea ndivyo malalamiko yalivyozidi: bidhaa kutoka Tanzania zinauzwa kwa bei ya juu, mazao ya mkulima yananunuliwa kwa bei ya chini, na wachache wananeemeka. Wapinzani wake waliuliza swali lililowagawa vibaya. Je, mwanamke aliyetembea siku tatu na mzigo wa ufuta amekombolewa ikiwa anapunjwa chumvi na ndugu yake badala ya Mreno?

Ugomvi huo haukuwa wa bei peke yake. Ulikuwa pia wa ukabila, wa umri, wa nani aliongoze jeshi na Msumbiji ijayo iweje. Lakini uliishia kando ya mto uleule. Desemba 1968 Paulo Kankhomba, kamanda wa FRELIMO aliyetumwa kuvuka kwenda Cabo Delgado, aliuawa upande wa Mtwara na watu wa kundi la Nkavandame. Januari 1969 Nkavandame alisimamishwa uongozi. Tarehe 3 Februari Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa. Mwaka huohuo Nkavandame akajisalimisha kwa Wareno. Na tarehe 3 Juni 1969, huko Marekani, kipindi cha mwisho cha Star Trek ya kwanza kikarushwa, baada ya vipindi 79.

Neno liliwezaje kutoka hapa hadi kule? Nichols alisimulia mara nyingi kwamba alipokwenda kujaribiwa kwa kazi hiyo alikuwa amebeba Uhuru, riwaya ya Mmarekani Robert Ruark iliyochapishwa 1962 kuhusu Kenya. Gene Roddenberry, muasisi wa mfululizo, alilipenda neno lililo kwenye jalada. Likalainishwa mwisho wake, u ikawa a, na likawa jina la mwanamke. Kwa kanuni za Kiswahili herufi hiyo haimfanyi mtu kuwa mwanamke, lakini jina lilikubalika masikioni, na Waswahili wengi waliolisikia baadaye hawakuhitaji kuelezwa lilikotoka. Jina la kwanza, Nyota, lilipendekezwa na mwandishi William Rotsler mwaka 1982 na likasemwa kwenye filamu ya 2009. Nichols alieleza pia kwamba baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha kazi, na aliyemsihi abaki ni Martin Luther King. Alifariki tarehe 30 Julai 2022.

Kuna jambo dogo kuhusu utengenezaji wa The Man Trap linalostahili kukumbukwa. Kwa kuwa hadithi ilihusu chumvi, vilitafutwa vichupa vya chumvi vya sura ya ajabu vya kuweka mezani chomboni. Vilipoletwa, ikaonekana ni vya ajabu mno, hakuna mtazamaji atakayejua kwamba vina chumvi. Vikatumika vya kawaida, na vile vya ajabu wakapewa waigizaji wa zahanati kuwa vifaa vya daktari McCoy. Kwa miaka mitatu daktari yule aliwatibu wagonjwa wa karne ya 23 kwa vichupa vya chumvi. Wakati huohuo kwenye maduka ya porini ya Cabo Delgado chumvi ilipimwa kwa kikopo, na aliyepimiwa alitazama mkono wa mpimaji bila kupepesa.

Mtwara haikukiona kipindi hicho kilipotoka, wala miaka mingi baadaye. Zanzibar ilianza televisheni mwaka 1973, tena ya rangi. Bara vituo vya kwanza vilianza 1994. Mtoto aliyezaliwa Msimbati usiku ule wa Septemba 1966 alikuwa na miaka 27 au 28 televisheni ilipowashwa Dar es Salaam, na kusini ilichelewa zaidi. Kilichotangulia kufika kwa wengi ni kanda za video, jenereta na kibanda chenye mabenchi, ambacho leo vijana hukiita kibanda umiza. Na pamoja na kanda ikaja kazi mpya ya usimuliaji: mtu mmoja anayeongea juu ya filamu ya kigeni, akiwatafsiria watazamaji kwa Kiswahili. Aliyejulikana kuliko wote ni Derek Mukandala wa Dar es Salaam, maarufu kama Lufufu. Wasimuliaji hao hawakutafsiri neno kwa neno. Waliwapa wahusika majina, wakaeleza mila, wakaonya watoto, wakatia chumvi pale hadithi ilipokuwa chapwa. Nao watazamaji hawakukaa kimya. Walijibu, walimwonya shujaa, walimtukana adui. Atakayesema tabia hiyo ilitoka kwenye video amesahau kwamba ngano za pwani hazianzi mpaka wasikilizaji waitikie.

Kiumbe wa M-113 angepata tafsiri yake haraka katika kibanda cha kusini. Anayejigeuza kuwa mpenzi wako wa zamani, anayekusemesha kwa lugha ya mama yako ukiwa ugenini, anajulikana. Kila mji wa pwani una jini wa namna hiyo, anayemtokea mtu njiani kwa sura ya mzuri. Hata umbo lake halisi, lile linaloonekana mwishoni mwa kipindi, lingekuwa na ndugu. Lilitengenezwa na msanii Wah Chang: ngozi iliyokunjamana, macho yaliyodidimia, mdomo wa mviringo wa kufyonza, vidole virefu. Katika miaka ileile ya 1950 na 1960 wachongaji wa Kimakonde waliohamia Dar es Salaam walikuwa wakitoa kwenye mpingo viumbe wa midomo mipana na viungo vilivyopotoka. Mtindo huo, ulioitwa shetani, unahusishwa na mchongaji Samaki Likankoa na mfanyabiashara Mohamed Peera. George Lilanga, aliyezaliwa wilaya ya Masasi mwaka 1934, aliwachora mashetani hao kwa rangi kali hadi wakajulikana duniani. Kuna tofauti moja kubwa. Shetani wa Lilanga anacheza ngoma, anapika, anagombana na jirani, ana mke na watoto. Ana watu wake. Kiumbe wa M-113 hana hata mmoja, na hapo ndipo kipindi kinapouma.

Kwa maana mume aliyekuwa akiishi naye magofuni, Profesa Crater, anakiri kwamba mkewe halisi aliuawa na kiumbe yule, na bado akamficha na kumlisha. Ombi lake la kwanza kwa wageni waliotoka angani lilikuwa vidonge vya chumvi. Anamfananisha na nyati wa Marekani, waliokuwa wengi kupita hesabu, wakaisha. Mwishoni McCoy, aliyewahi kumpenda mwanamke ambaye kiumbe amechukua sura yake, anampiga risasi ya mwanga. Chombo kinaondoka. Kapteni Kirk amekaa kimya, na anapoulizwa ana nini, anasema alikuwa akiwafikiria wale nyati.

Mtazamaji aliyelelewa kati ya majaruba na Ruvuma ana haki ya kuuliza swali ambalo kipindi hakikulikalia: kwa nini hakupewa chumvi? Chombo kilikuwa na watu mamia wanaokula mara tatu kwa siku. Chumvi ilikuwa jikoni. Kiumbe aliua, na aliyeua lazima azuiwe. Hakuna mwanakijiji atakayebisha hilo. Lakini palikuwa na muda kabla ya maiti wa mwisho, na ombi lilikuwa limeshatolewa kwa lugha iliyoeleweka. Watu wa kusini wanajua, kutokana na miaka ya sitini, kinachotokea mahali ambapo mwenye njaa na mwenye ghala wanatazamana na katikati amesimama mtu anayeamua bei.

Mei 1975 Samora Machel, aliyeiongoza FRELIMO baada ya Mondlane, alivuka Ruvuma akianza safari ndefu ya kwenda kusini hadi Maputo, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru. Uhulu ukapata bendera. Chumvi ya pwani iliendelea kuvunwa, na katika miaka ya 1990 ikapata sharti jipya: serikali iliagiza chumvi ya kuliwa iwekwe madini joto ili kuzuia tezi la shingo na madhara kwa ubongo wa watoto. Lindi na Mtwara zikawa miongoni mwa mikoa iliyosuasua, kwa sababu wazalishaji wake ni wengi, wadogo na wametawanyika, na kumfikishia kila mmoja dawa na kifaa cha kunyunyizia si sawa na kukikagua kiwanda kimoja kikubwa. Ni suala linalostahili kufuatwa kwa bidii kuliko linavyofuatwa, kwani anayeathirika ni mtoto anayekula ugali kilomita chache kutoka jaruba. Ng'ambo ya mto nako amani imevunjika tena. Tangu Oktoba 2017 vita vingine vinaendelea Cabo Delgado, na watu wa Palma na Mueda wamejikuta wakilikimbilia tena bonde lile walilolijua babu zao.

Katika The Man Trap kuna tukio fupi ambalo wengi hulisahau kwa sababu halina kifo. Kiumbe ameshaingia chomboni kwa sura ya mwanajeshi aitwaye Green. Msichana Rand anapita ujiani amebeba sinia la chakula anampelekea mwenzake. Green anaanza kumfuata. Hamtazami msichana. Hatazami chakula. Macho yake yamekwama kwenye kichupa kidogo kilicho pembeni ya sinia, na anatembea nacho hatua kwa hatua, kama mtu aliyekuwa akila mboga chapwa kwa miezi akimwona mpimaji ameshika kikopo.